Mama Sugua na Sekunde Kumi na Tano za Chumba cha Kusafisha Damu

Siku ya Ijumaa, tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi mkuu wa chumba chetu cha kusafisha damu atavua glavu, atazitupa kwenye ndoo yenye kifuniko cha kukanyaga, atanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha atatoka getini akiwa mstaafu. Atakuwa ameitumikia hospitali hii miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amezihesabu mwenyewe na ameagiza ziandikwe, kwa hiyo nimeziandika.

Kamati ya jarida la hospitali ilianza kwa kuwaomba wenye shahada waandike wasifu huu. Wa kwanza alileta mistari minne, na mitatu kati ya hiyo ilimhusu yeye mwenyewe. Wa pili alileta kitu chenye majedwali. Ndipo wakanikumbuka mimi, fundi wa matengenezo, ambaye shule niliiachia darasa la saba lakini dunia nimeisoma mpaka kurasa za nyuma. Nimefanya kazi melini, nimefufua majokofu katika miji sita, nimewahi kutengeneza lifti nikiwa ndani yake. Nimeona watu wengi hodari. Mtu wa kunisimamisha mlangoni mara tatu kwa siku moja, kila mara nirudi nikanawe upya, nimemwona mmoja tu.

Jina lake la kazi ni Muuguzi Mkuu. Jina lake la kweli, lile linalotumika, ni Mama Sugua. Alipewa na wagonjwa, wauguzi wakalidaka, na siku moja mganga mkuu alijisahau akaliandika kwenye barua rasmi. Barua hiyo ipo kwenye faili. Mwenyewe hajaomba isahihishwe.

Alianzia wodi ya wazazi, ambako kwa miaka sita alipokea watoto wengi kiasi kwamba hata leo haendi sokoni bila kusalimiwa na kijana mwenye ndevu anayemwita mama. Akapelekwa wodi ya watoto, kisha chumba cha wagonjwa mahututi. Miaka kumi na tisa iliyopita hospitali iliponunua mashine mbili za kusafisha damu, akaambiwa akazishike kwa muda wa miezi mitatu tu, mpaka apatikane mwenye utaalamu. Mwenye utaalamu hajapatikana hadi leo, kwa sababu alikuwa ameshapatikana siku ile ile. Mashine sasa ni nane, na wagonjwa ni ishirini na wanne.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia chumba kile, na namwombea asiingie, nieleze kidogo. Mgonjwa ambaye figo zake zimegoma anakuja mara tatu kwa wiki, anakaa kwenye kiti saa nne, na damu yake inatolewa, inachujwa na mashine, inarudishwa. Wengi wa wagonjwa wetu wamewekewa mrija unaoingia kifuani na kuishia karibu kabisa na moyo. Kwa nje mrija huo una midomo miwili yenye vifuniko, na hapo ndipo mashine inapounganishwa. Midomo yenyewe ni midogo, kidole cha mtoto hakiingii. Ila ukiifungua ovyo, mdudu aliyekuwa amejikalia zake kwenye ngozi anapata usafiri wa bure mpaka moyoni.

Dawa ya mdudu huyo si kubwa. Ni pamba yenye spiriti, na kusugua. Unausugua mdomo wa mrija pande zote, kwenye kona na kwenye mikunjo, sekunde kumi na tano kamili, kisha unaacha ukauke wenyewe, ndipo unaunganisha. Basi. Hakuna mashine ya ajabu wala sindano kutoka ng'ambo. Na kwa kuwa ni jambo dogo, ndiyo maana binadamu hawalifanyi.

Mama Sugua alilijua hilo mapema. Aligundua kwamba ukimwambia muuguzi ahesabu mpaka kumi na tano, hesabu yake inategemea njaa yake. Asubuhi ni sekunde kumi na mbili. Ikikaribia saa ya chakula ni tano. Siku ya mshahara, moja mbili tatu kumi na tano. Akakaa akafikiri, akaja na dawa yake mwenyewe: yale maneno aliyokuwa akiwapigia kelele wanawe kila asubuhi kabla ya shule. Aliyapima kwa saa ya ukutani jikoni kwake, akakuta yanachukua sekunde kumi na tano bila kupungua. Akawafundisha wauguzi wote wayaseme wakisugua:

“Amka, tandika kitanda, nawa uso, piga mswaki, meno ya nyuma pia, vaa shati, funga vifungo, cha juu pia, viatu viko uvunguni, daftari liko mezani, kunywa chai, usikimbie na kikombe, msalimie bibi, usipigane, ukipigwa usirudi unalia, haya nenda.”

Ukifika kwenye “haya nenda” ndipo unaacha kusugua. Chumba kizima kiliyajua maneno hayo, kuanzia wauguzi na wagonjwa mpaka mama wa usafi. Nimewahi kumsikia jaji mstaafu, mtu mzito wa maneno, akiwa amelala kitini na mrija kifuani, akimkumbusha muuguzi kuhusu meno ya nyuma. Wanawe Mama Sugua sasa ni watu wazima, mmoja ni wakili, na inasemekana akisikia “cha juu pia” mkono unakwenda shingoni wenyewe.

Kukausha nako kulikuwa na kesi zake. Muuguzi mmoja wa kiume, mwenye haraka za kuzaliwa nazo, alionekana akiupuliza mdomo wa mrija ukauke upesi, kama mtu anayepoza uji. Mama Sugua hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba amefukuza kijiji kizima cha wadudu kwa pamba, halafu amekirudisha kwa pumzi, pamoja na mifugo yao. Yule bwana alisugua upya, na kwa wiki nzima wenzake walimwuliza mifugo haijambo.

Kuna pia habari ya daktari bingwa. Huyu ni mtu mwenye vyeti vya kujaza ukuta, na siku hiyo alikuwa na wageni nyuma yake. Akachukua bomba la sindano, akaupangusa mdomo wa mrija mara moja kama mtu anayefuta miwani, akataka kuingiza dawa. Mama Sugua alilichomoa lile bomba mkononi mwake kwa adabu kubwa, kama unavyompokonya mgeni sahani akitaka kuiosha mwenyewe, akampa pamba mpya. Daktari bingwa alisimama mbele ya wageni wake akasema maneno yote, kuanzia amka mpaka haya nenda. Wauguzi wakadhani akipita mlango ule ataandika barua ya malalamiko. Badala yake wiki iliyofuata alileta wanafunzi wake kumi na mmoja, wakafundishwe hapo hapo alipofundishwa yeye.

Nyumbani, mumewe, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa subira, ameniambia kwamba kwake hakuna kinachounganishwa bila kusuguliwa. Kichwa cha mtungi wa gesi kinasuguliwa. Mdomo wa chupa ya soda unasuguliwa. Kwenye arusi ya mpwa wake, Mama Sugua alipewa kipaza sauti atoe nasaha, akatoa pamba kwenye mkoba na kukisugua huku watu mia mbili wakingoja. Mshereheshaji alifikiri ni sehemu ya mila za upande wa bibi arusi, akawaomba watu wasimame.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo yeye hakutaka liandikwe na baadaye akasema bila hilo wasifu huu usichapishwe.

Miaka mitatu iliyopita, ndani ya wiki tano, wagonjwa watatu wa chumba kile walitetemeka. Ukisikia neno kutetemeka kwenye chumba cha damu usidhani ni baridi. Mtu anaunganishwa mashine akiwa mzima anapiga soga, na baada ya nusu saa meno yanagongana kama taipureta, joto limepanda, shinikizo la damu limeshuka. Maana yake mdudu ameingia kwenye damu. Mgonjwa wa kwanza alilazwa siku tisa. Wa tatu alilazwa wiki tatu, na mrija wake ikabidi utolewe awekewe mwingine. Wa pili alikuwa Mwalimu.

Mwalimu ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, anakaa kiti namba nne, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Ni mama mkwe wangu. Najua mnavyosema huko kantini, kwamba mkwe akiumwa mkwewe hulala usingizi mzuri. Mimi sikulala. Yule mama alinipa binti yake wakati sina hata koti, na hajanikumbusha hata siku moja. Nilimwona amefunikwa mablanketi manne anatetemeka mpaka kitanda kinatembea, na bado ananiambia nikae wima.

Mganga mkuu aliitisha kikao. Alisema wazi kwamba akitetemeka mgonjwa mmoja zaidi ndani ya mwezi huo, chumba kitafungwa. Hakusema kwa ubaya. Lakini kila aliyekuwa kwenye kikao alijua maana yake: chumba kingine kama chetu kiko mwendo wa saa nne kwa basi, kwenda tu, na wagonjwa wanatakiwa mara tatu kwa wiki. Kati ya wale ishirini na wanne, nusu wasingemaliza miezi miwili wakiwa hai. Mwalimu, kwa miguu ile iliyovimba, asingemaliza hata mmoja.

Kidole cha kwanza kilinielekea mimi. Mashine zile zinatumia maji mengi, na mitambo ya kuyachuja ni yangu. Nilikasirika, lakini nilifanya kazi. Kwa siku mbili nilifungua kila bomba, kila chujio, kila kona ya mpira, nikapeleka maji maabara chupa kumi na sita. Majibu yakarudi: safi. Mtu wa maabara akaongeza kwamba mdudu aliyepatikana kwenye damu za wale watatu ni mdudu wa ngozi, hakai kwenye maji. Nikaizungusha ile karatasi ya majibu kwenye veranda yote, nikimwonyesha kila aliyepita, hata waliokuja kutazama wagonjwa wodi nyingine. Mama Sugua alinikuta hapo. Akaisoma, akanirudishia, akaniuliza, “Kwa hiyo ni sisi. Umefurahi?”

Nikaikunja karatasi nikaiweka mfukoni.

Kidole cha pili kikamwelekea muuguzi mgeni, binti aliyekuwa na miezi minne tu pale. Wenzake walimwita Konokono. Alikuwa akichelewa kila kitu. Wengine wakimaliza kuunganisha wagonjwa wawili, yeye yuko kwenye kifuniko cha wa kwanza. Wagonjwa walikuwa wakimtania kwamba akikuunganisha Jumanne utaondoka Jumatano. Kwenye kikao watu hawakumtaja, lakini walimtazama, na yeye alitazama viatu vyake.

Mama Sugua aliniita stoo ya mashuka. Akanipa kazi. Nijifanye natengeneza soketi za umeme kwenye chumba kile siku tatu mfululizo, nikae chini pembeni na bisibisi yangu, na saa ya simu mfukoni, nipime kila anayesugua, sekunde ngapi. Nikamwuliza nimpime nani hasa. Akasema, “Kila aliyevaa glavu.”

Nataka niseme kwamba kazi ya upelelezi niliifanya kwa ustadi, na soketi mbili kweli zilikuwa zimelegea, nikazikaza. Siku ya tatu nilikuwa na karatasi yenye majina na namba, na ile karatasi ilinitia jasho. Muuguzi wa haraka za kuzaliwa, sekunde sita. Wengine tisa, nane, tisa. Konokono, yule binti wa kutazamwa, kumi na saba, mara zote. Alikuwa bado anayasoma yale maneno moja moja kwenye kikaratasi alichobandika ukutani, hajayazoea. Peke yake ndiye aliyekuwa akimpa mgonjwa haki yake.

Na Mama Sugua mwenyewe, mwenye maneno yake, sekunde saba.

Nilimsikiliza kwa makini mara nyingi nikidhani nimekosea. Sikukosea. Yale maneno alikuwa ameyasema miaka kumi na sita, wagonjwa wanane, mara mbili kwa siku, midomo miwili kila mmoja, na yalikuwa yamesagika mdomoni kama sabuni iliyobaki kipande. Mkono wake ulisugua vizuri, lakini kinywani yalitoka hivi: amkatandinawamswaki, shatifungochajuu, viatudaftarichai, bibiusipigane, nenda. Na wauguzi wote walikuwa wamejifunza kwake. Hawakuwa wavivu hata kidogo. Walikuwa wanafunzi wazuri mno.

Hapa nikafanya kosa, nalisema kwa kuwa yeye ameniambia niliseme. Nikachukua karatasi nyingine safi, nikanakili namba zote kama zilivyo, ila kwenye jina lake nikaandika kumi na tano. Nilijiambia kwamba ni mtu mzima, amebakiza miaka mitatu, ana cheti cha mfanyakazi bora ukutani, na kwamba wengine wakisahihishwa naye atajisahihisha. Nikampelekea stoo ya mashuka.

Akaisoma polepole, kidole kikishuka. Kwenye jina la Konokono alisimama, akatabasamu kidogo. Kwenye jina lake alisimama muda mrefu. Akauliza inakuwaje namba za watu wote zimetawanyika, na ya kwake imetua kwenye kumi na tano kamili kama imepigwa msumari. Nikaanza kueleza habari za soketi. Akanikata.

“Fundi, mambo ya meli na lifti zako danganya utakavyo, tunafurahi. Ya damu usinidanganye.”

Nikamtolea karatasi ya kwanza. Ilikuwa mfukoni, pamoja na ile ya maji.

Akachukua pamba, akachukua kipande cha mrija cha kufundishia, akaniambia niwashe saa. Akasema maneno yake kama anavyoyasema kila siku. Saba. Akaniambia niwashe tena, akajitahidi, nikaona anajitahidi. Nane na nusu. Akakaa juu ya rundo la mashuka, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa wakati wa zamu, akayarudia yale maneno kimoyomoyo, midomo inacheza, kama mtu anayetafuta alipodondosha ufunguo. Halafu akainuka, akapiga pasi sare yake kwa viganja, akaenda kwa mganga mkuu na karatasi ile ile yenye jasho langu.

Aliyoyasema kule sikuyasikia, na mlango niliusogelea kadiri ya uwezo wangu. Ninachojua ni kwamba alitoka akawakusanya wauguzi wake, akasoma namba zote kwa sauti akianzia na yake. Akamwomba radhi Konokono mbele ya wote. Kisha akawafuata wale wagonjwa watatu, mmoja mmoja, wawili wodini na mmoja nyumbani, akawaambia bila kona kwamba mdudu aliingia kwa mkono wa chumba chake, na inawezekana kabisa ni mkono wake.

Kwa Mwalimu nilikuwepo. Nilikuwa nimepeleka matunda. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, kama anayemsikiliza mtoto aliyevunja kioo cha dirisha. Mimi nilikuwa natafuta pa kuangalia. Nilijua kwamba Mwalimu akisema neno moja tu kwa mganga mkuu, Mama Sugua anamalizia utumishi wake kwenye chumba cha kufulia, na chumba kinabaki bila mtu wa kukisimamisha.

Mwalimu akasema, “Miaka arobaini nimesahihisha madaftari. Waliojisahihisha wenyewe kabla sijaona hawazidi watano. Kaa hapo tufikirie utakachofanya kesho.”

Wakakaa. Mimi nikatumwa nikaoshe matunda, na nilivyorudi nikaulizwa kama nimeyaosha sawasawa.

Walichokubaliana ndicho mnachokiona leo kwenye chumba kile. Maneno ya kuwaamsha watoto yamestaafishwa. Anayehesabu sasa ni mgonjwa. Mama Sugua alieleza sababu yake kwa ufupi, kwamba mkono ni wa muuguzi lakini moyo ni wa mgonjwa, na mtu hauharakishi moyo wake. Mimi nikafunga saa kubwa ya ukutani yenye mshale mwekundu wa sekunde, mbele ya kila kiti, mahali anapoiona mgonjwa bila kugeuza shingo. Saa nane, ngazi moja, siku moja, bila kuharibu rangi ya ukuta. Mgonjwa anautazama mshale, muuguzi anautazama mrija, na mgonjwa akisema “basi” ndipo mkono unaacha.

Kulikuwa na vurugu mwanzoni, siwezi kuficha. Jaji mstaafu alikuwa akihesabu huku akieleza sababu za uamuzi wake. Bwana mmoja wa kiti namba saba alikuwa akisinzia kwenye tisa, ikabidi aanze upya, akasinzia tena kwenye tisa. Mama mmoja alihesabu mpaka arobaini kwa sababu alikuwa hamwamini mtu yeyote tangu mwaka alioolewa. Na daktari bingwa alikuja siku moja kumwekea Mwalimu dawa, akasugua, akaacha kwenye kumi na tatu. Mwalimu akamwambia arudie. Akarudia, akaacha kwenye kumi na nne. Mwalimu akamwuliza kama nyumbani kwao walikuwa wakila chakula kikiwa kimebakiza dakika moja kuiva. Mara ya tatu alifika.

Mwezi ule wa mganga mkuu ulikuwa mrefu kuliko mwaka. Kila Jumanne nilijikuta nina kitu cha kutengeneza kwenye veranda ya chumba kile. Mama Sugua alikonda. Alikuwa akiunganisha mgonjwa, kisha anasimama kando yake nusu saa nzima, hamgusi, anamwangalia meno tu. Siku ya ishirini na sita Mwalimu alisema anahisi baridi, na Konokono akaangusha trei. Mama Sugua akamshika paji la uso, akamshika mkono, akatazama juu, akaniita. Feni ya dari ilikuwa namba tano. Nikaipunguza hadi mbili, na sijawahi kusifiwa kwa kazi ndogo namna ile.

Mwezi ukaisha, hakuna aliyetetemeka. Chumba hakikufungwa. Ukaisha na mwingine. Hadi ninavyoandika hapa ni miaka miwili na miezi kumi na moja, na maabara haijapata mdudu yeyote kwenye damu ya mgonjwa wa chumba kile. Wodi ya watoto imechukua utaratibu huo huo, na kule mama wa mtoto ndiye anayehesabu. Chumba cha wagonjwa mahututi, ambako mgonjwa hawezi kuhesabu, wameomba saa, nimewafungia mbili. Wageni wamekuja kutoka hospitali nyingine na kalamu zao, na kila kundi Mama Sugua amelianzia hadithi yake kwenye sekunde saba. Nimewahi kumwambia aanzie kwenye mafanikio. Akaniuliza mafanikio ya nani.

Anayepokea kiti chake ni Konokono, ambaye sasa tunamwita Sista Mkuu, kwa mazoezi. Bado ni wa polepole. Hatuna haraka naye.

Alhamisi iliyopita ilikuwa mara ya mwisho Mama Sugua kuunganisha mgonjwa, siku zilizobaki ni za kukabidhi. Alijipangia kiti namba nne. Mimi nilikuwepo, natengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Alivaa barakoa, akavaa glavu, akafungua kifuniko, akachukua pamba akaanza kusugua. Mwalimu, macho kwenye mshale, akaanza kuhesabu kwa ile sauti ya darasani. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba.

Mama Sugua hakuacha kusugua, maana sheria ni sheria, mgonjwa hajasema basi. Kumi na tisa. Ishirini. Wauguzi wakageuka. Ishirini na nne.

“Mwalimu,” akasema taratibu nyuma ya barakoa, “umepitiliza.”

“Najua kuhesabu,” akajibu Mwalimu, na akaendelea.

Alifika sitini na moja. Ndipo akasema basi, mrija ukaachwa ukakauka wenyewe, na hakuna aliyeupuliza.

Mama Sugua, wafanyakazi wenzako wa kila idara, wagonjwa ishirini na wanne waliopo kwenye viti vyao na familia zao zinazowakuta nyumbani kila jioni, tunasema asante. Tunakuombea siku ndefu zisizo na zamu, chai unayoinywa ikiwa bado moto, mume asiyechoka kusuguliwa mlango wa duka lake, na afya ya kutuzidi sote. Nenda ukapumzike kwa raha zako, na ukae kwenye kiti mpaka ukizoee.